Pesa ya Michezo Tunakatwa Wote, Uwanjani Wanaingia Wachache



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya mishahara, nyumba za laini, dawa za kupulizia shambani na mikataba. Leo naomba ruhusa yenu niandike juu ya michezo. Najua wapo watakaosema kwamba mchezo ni jambo la watoto, na kwamba katibu amekosa la kuandika. Nawaomba wasome mpaka mwisho. Mahali ambapo mfanyakazi anakatwa pesa, hapo pana jambo la chama. Na mahali ambapo mfanyakazi anaambiwa "wewe kaa pembeni", hapo pia pana jambo la chama, hata kama ni pembeni ya uwanja wa mpira.

Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma mpaka darasa la saba katika shule ya msingi iliyokuwa ndani ya shamba la chai, magharibi ya Uganda. Katika laini zetu kuna Wakiga, Watoro, Wanyarwanda, Waaluru na ndugu kutoka Kongo, na lugha iliyotukutanisha kwenye mizani ni Kiswahili. Kwa hiyo naandika kwa Kiswahili cha mizani. Msomi akiona kosa anisamehe.

MLINZI WA NGUO

Nilizaliwa mwaka 1980. Wazee wanakumbuka miaka ile ilivyokuwa katika nchi yetu: vita, magendo, na hospitali zisizo na dawa. Chanjo ya polio haikufika katika laini yetu. Nilipokuwa na miaka mitatu nilishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu ya mguu wangu wa kushoto. Mama yangu alinibeba mgongoni kwenda kuchuma chai mpaka nikawa mzito kuliko kapu lake.

Shuleni, kila Ijumaa mchana ilikuwa saa ya mazoezi ya viungo. Mwalimu alipiga filimbi, wavulana wakavua mashati, wakakimbilia uwanjani. Mimi nilipewa kazi yangu: kukaa chini ya mkaratusi na kulinda nguo. Nililinda nguo za darasa langu toka darasa la pili mpaka la saba. Nililijua shati la kila mtoto, lipi limechanika kwapani na lipi limebaki na kifungo kimoja. Siku moja nilimwambia mwalimu kwamba nataka kusimama golini, kwa sababu kipa hakimbii sana. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Ukivunjika, nitamwambia nini baba yako?"

Hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo makusudi, maana ubaguzi mwingi niliouona katika maisha yangu haukufanywa na watu wabaya. Ulifanywa na watu wenye huruma ambao hawakuuliza.

Na wasichana? Wasichana nao walikuwa na kazi yao. Nusu walifyeka majani ya uwanja, na nusu walikwenda bondeni kuchota maji ya wavulana ya kunywa. Kulikuwa na nguzo mbili za mpira wa pete, lakini pete zenyewe ziling'olewa zamani. Wasichana walicheza wao kwa wao njiani, kwa mpira wa majani ya mgomba, wakati wa kwenda kisimani. Mwalimu hakuuona mchezo huo, kwa kuwa haukuwa katika ratiba.

Basi mimi chini ya mti, na wasichana bondeni, sote tuliandikwa katika kitabu cha mwalimu kwamba tumehudhuria somo la mazoezi ya viungo.

MPIRA NA KAZI NI NDUGU WA ZAMANI

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, tukumbushane historia kidogo, ili asije mtu akasema kwamba michezo haihusiani na wafanyakazi.

Katika Uganda mpira wa miguu uliletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na shirikisho la mpira, FUFA, lilianzishwa mwaka 1924. Lakini waliojaza viwanja vya mji ni wafanyakazi. Klabu ya Express ilianzishwa mwaka 1957 na wafanyakazi wa gazeti. Klabu ya KCC ilianzishwa mwaka 1963 na watu wa idara ya maji machafu ya Halmashauri ya Mji wa Kampala. Hebu fikirini: watu waliozibua mitaro ya uchafu, kazi ambayo wengine waliipita wameziba pua, ndio walioanzisha timu iliyochukua kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1978. Polisi walikuwa na timu, Magereza walikuwa na timu, watu wa kahawa walikuwa na timu.

Mtu wa kwanza kuiletea Uganda medali ya dhahabu ya Olimpiki, John Akii-Bua, alikuwa polisi. Mwaka 1972 huko Munich alipangwa njia ya 1, ile ya ndani kabisa, yenye kona kali. Wengi hawaipendi njia hiyo. Alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, na hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kukimbia hivyo. Mwaka 1976 angekwenda Montreal kuitetea medali yake. Hakukimbia. Nchi nyingi za Afrika zilijitoa, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, waliokuwa wakiwatenga watu weusi viwanjani na kila mahali, na New Zealand ikaruhusiwa kushiriki Olimpiki vilevile. Filbert Bayi wa Tanzania naye hakukimbia. Uamuzi ulikuwa wa serikali, lakini gharama waliilipa wakimbiaji kwa miguu yao. Kila nikisikia mtu anasema ubaguzi katika michezo ni jambo dogo, nakumbuka kwamba nchi nyingi za bara letu ziliwahi kuliona kubwa kuliko medali.

Tena si rangi tu. Katika mji wa Preston, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, wanawake waliingizwa katika kiwanda cha Dick, Kerr kutengeneza silaha, maana wanaume walikwenda vitani. Wakati wa mapumziko walicheza mpira uani. Mwaka 1917 wakaunda timu. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza Liverpool, katika uwanja wa Goodison Park, na watu wapatao 53,000 walifika kuwatazama. Fedha za viingilio zilikwenda kwa hospitali na kwa askari walioumia, na mwaka 1921, wachimba makaa walipofungiwa kazi, wanawake wa mpira walichanga kwa ajili ya familia zao pia. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Desemba 1921, chama cha mpira cha Uingereza kikawapiga marufuku wanawake kucheza katika viwanja vya vilabu vyake, kwa madai kwamba mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50.

Wanawake walifaa kutengeneza silaha. Mpira haukuwafaa. Shikeni jambo hilo, maana nitarudi kwenye shamba letu.

NIONYESHE MCHEZO WANGU

Shamba nitakalolisema silitaji jina. Sikuja kumshitaki mtu, na mambo haya yapo katika mashamba mengi, hata yale yenye mameneja wazuri.

Nilianza kazi mwaka 1997 nikiwa mchumaji. Kusimama mteremkoni kwa mguu mmoja wenye nguvu, kapu mgongoni, si mchezo. Baadaye nilihamishiwa kwenye mizani. Mwaka 2009 wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wao, na mwaka 2012 wakanipa ukatibu wa tawi.

Shamba lilikuwa na timu ya mpira wa miguu, na kila mfanyakazi alikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, zikiandikwa "michezo". Mchezaji wa timu alipewa kazi nyepesi: stoo, getini, au kuandika magari. Alilipwa kwa siku. Saa nane mchana alikwenda mazoezini, na siku yake ilihesabiwa nzima. Mchumaji, ambaye kwetu mara nyingi ni mwanamke, analipwa kwa kilo. Asipokuwa shambani, hana kilo. Asipokuwa na kilo, hana pesa. Kwa hiyo hata kama angeitwa mazoezini saa nane, angekwenda kwa kulipa yeye mwenyewe.

Haya yote niliyaona. Yalipita mbele ya mizani yangu kila siku. Sikusema kitu, na nawaambia kwa nini: niliipenda sana ile timu. Mtu aliyelinda nguo miaka sita, siku anapokaribishwa kukaa kwenye benchi pamoja na wachezaji na kuitwa "katibu wetu", hapendi kuuliza maswali.

Mwezi wa nne mwaka 2015 nilisimama mbele ya mkutano kusoma ratiba ya Mei Mosi. Mpira wa miguu, timu yetu na timu ya shamba jirani. Kuvuta kamba, wanaume wa kiwandani na wanaume wa shambani. Mbio za magunia, watoto. Kisha nikasoma kamati: kamati ya jezi, kamati ya wageni, na kamati ya chakula na maji, akina mama.

Mama mmoja wa laini ya tatu akanyoosha mkono. Tulisoma naye darasa moja. Alisimama pole pole, kama mtu anayetua kapu.

"Katibu," alisema, "mimi nakatwa pesa ya michezo mwaka wa tisa huu. Nionyeshe mchezo wangu."

Watu walicheka. Mimi nikajibu kama walivyojibu wakubwa wote tangu zamani. Nikasema fedha hazitoshi. Nikasema akina mama wamechoka na kazi ya kuchuma, tusiwaongezee mzigo. Nikasema timu inacheza kwa niaba yetu sote.

Alingoja nimalize. Kisha akasema, "Ndugu yangu, tulipokuwa shule wewe ulilinda nguo, na mimi nilichota maji. Leo wewe ni katibu. Mimi bado nachota maji."

Hakuna aliyecheka tena. Nilitafuta neno sikulipata. Niliikunja ile karatasi, nikauahirisha mkutano, na kwa mara ya kwanza katika kazi ya chama nilikwenda nyumbani nikiona haya. Sikuona haya mbele ya mwajiri. Niliona haya mbele ya mwanachama.

TULIVYOKWENDA

Kesho yake nilimwomba karani wa mishahara tukae na daftari. Tulihesabu majina ya waliokatwa. Wanawake walikuwa zaidi ya nusu. Tukatazama pesa ilivyotumika: jezi, viatu vya mpira, gari la kupeleka timu, soda, mwalimu wa timu. Kwa miaka yote ambayo daftari lilionyesha, hapakuwa na shilingi moja iliyonunua mpira wa pete. Kisha nikauliza karatasi za idhini, maana pesa ya mfanyakazi haikatwi hivi hivi bila ridhaa yake. Tulitafuta sahihi za wafanyakazi hatukuziona. Makato hayo yalikuwa ya zamani, na kila aliyeingia kazini aliyakuta.

Meneja tulipomwendea alishangaa kweli. Alisema mpira unaleta jina la shamba, na wageni wakija huuliza habari za timu. Alisema hakuna mwanamke aliyewahi kumwomba kucheza. Hilo lilikuwa kweli. Lakini mlango usio na kitasa upande wako, utaugonga mara ngapi?

Upinzani mkubwa haukutoka kwa meneja. Ulitoka kwetu. Vijana wa timu waliogopa kupoteza kazi nyepesi, na hofu yao ilikuwa na haki: wengine waliajiriwa kwa ajili ya miguu yao, na siku wakiumia hawana ufundi mwingine. Kipa wetu aliniambia, "Katibu, mimi nimeumia goti mara mbili kwa ajili ya shamba hili. Nikitoka stoo nitakwenda wapi?" Nikaona kwamba hata aliye ndani ya uwanja yumo kwa masharti, na masharti hayo hayakuandikwa popote. Baadhi ya waume nao walisema hawataki wake zao wakimbie mbele ya watu. Na wazee wa kamati walisema mwanamke hana nguvu za michezo.

Hilo la mwisho nililijibu kwa mizani. Nilisema: mimi ndiye ninayepima chai. Mwanamke anapanda mteremko ule na kapu lililojaa mara tatu kwa siku, mtoto akimngoja kwenye kivuli. Nani katika kamati hii anataka kushindana naye?

Tena nikawaambia habari za wakimbiaji. Wakubwa wa michezo duniani nao walisema hivyo hivyo. Mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800 katika Olimpiki, wakubwa wakadai wamechoka kupita kiasi, wakaufuta mchezo huo kwa wanawake mpaka mwaka 1960. Marathoni ya wanawake haikuingia katika Olimpiki mpaka mwaka 1984. Zile mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, wanaume walizikimbia katika Olimpiki toka mwaka 1920. Wanawake waliruhusiwa mwaka 2008. Miaka 88 waliambiwa hawawezi kuruka dimbwi la maji. Na zilipowekwa kwa mara ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, mwaka 2005 huko Helsinki, nani alishinda? Dorcus Inzikuru, msichana wa Uganda, kutoka upande wa Arua. Angezaliwa miaka 20 kabla, miguu ingekuwa ile ile, na mlango ungekuwa umefungwa.

Baada ya mkutano wetu ule habari imezidi kuwa njema. Peruth Chemutai alichukua dhahabu katika mbio hizo hizo mwaka 2021 huko Tokyo, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Na timu yetu ya taifa ya mpira wa pete ilimaliza nafasi ya 5 katika Kombe la Dunia mwaka 2023 huko Cape Town. Lakini mwaka 2015 nilikuwa na Inzikuru tu mkononi, na alitosha.

TULICHOPATA NA TULICHOKOSA

Mazungumzo yalichukua miezi saba. Nawaandikia matokeo bila kuyapamba.

Kwanza, makato ya michezo yakawa ya hiari, kwa karatasi yenye sahihi au kidole gumba. Mwezi wa kwanza wengi walijitoa, na timu ilicheza na jezi za zamani. Baadaye walirudi, walipoona daftari linabandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi.

Pili, pesa ikagawanywa kwa hesabu ya wanaochanga. Tulisawazisha kiwanja cha mpira wa pete nyuma ya kiwanda. Pete zilichomelewa na fundi wetu wa gereji, bure.

Tatu, na hili ndilo gumu: akina mama wa timu walipewa saa mbili kila Ijumaa zinazolipwa kwa wastani wa kilo zao za wiki. Tulipigania hilo kuliko yote. Kumpa mtu uwanja bila kumpa saa ni sawa na kumpa sahani bila chakula. Lakini mwajiri alikubali kwa miezi ya chai chache tu. Miezi ya mvua, chai ikishamiri, saa hizo hufutwa. Mpaka leo tunadai, hatujapata.

Nne, wachezaji wa mpira wa miguu waliandikiwa barua kwamba akiumia uwanjani akiwa na jezi ya shamba, anahesabiwa ameumia kazini. Yule kipa aliiweka barua yake ndani ya nailoni. Vijana walipoona kwamba madai ya akina mama yamewaletea na wao kinga, ugomvi ulipungua.

Na kuna tulichokosa. Watoto wadogo, nani atawaangalia wakati mama yuko uwanjani? Tulisema laini zitapokezana. Haikudumu. Akina mama watatu hodari waliacha kucheza kwa sababu hiyo. Mwingine aliacha kwa sababu mumewe alimkataza, na chama hakikuweza kuingia katika nyumba ya mtu. Kuhusu mavazi tulikubaliana kwamba kila mmoja avae alivyoridhika, sketi fupi, ndefu, au kitambaa kichwani. Hata FIFA, wakubwa wa mpira, waliruhusu kitambaa cha kichwani mwaka 2014 baada ya kukikataza.

Yule mama wa laini ya tatu alicheza ulinzi. Hakuwa mrefu, lakini hapakuwa na mtu aliyempita.

WAVU WA CHINI

Ndugu wasomaji, nilidhani habari imekwisha hapo. Nilikuwa nimewasaidia akina mama, na mimi nikarudi kwenye kiti changu pembeni nikiwa nimeridhika. Mwaka 2017, kijana mmoja kiziwi wa kiwandani, anayefanya kazi kwenye sehemu ya kukausha chai, alinijia pamoja na mwenzake anayejua ishara zake. Aliuliza kwa nini yeye hayumo. Alikuwa na mbio kuliko vijana wengi wa timu. Mwalimu wa timu alisema hasikii filimbi. Dawa yake ilikuwa bendera: refa apige filimbi na kuinua bendera pamoja. Dawa hiyo iligharimu kitambaa na fimbo.

Kisha yule kijana akaniuliza kwa ishara, na mwenzake akatafsiri: "Na wewe?"

Nilicheka. Nikagusa mguu.

Akasema ameona katika simu watu wa Rwanda wanacheza mpira wa wavu wakiwa wameketi chini. Nilidhani ni utani. Nikauliza, nikaambiwa ni kweli. Mchezo huo umo katika Paralimpiki, michezo mikubwa ya walemavu, toka mwaka 1980. Rwanda, majirani zetu, walipeleka timu ya wanaume London mwaka 2012 na timu ya wanawake Rio mwaka 2016. Uwanja ni mdogo, wavu ni wa chini, na kila mtu anaketi. Hata mwenye miguu mizima anaketi. Hakuna mwenye miguu pale. Wote ni mikono.

Tulifunga wavu wa kuvulia samaki kati ya miti miwili, chini kabisa. Siku ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja: mimi, kijana aliyekatwa mguu kwa ajali ya pikipiki, mama mwenye ugonjwa wa nyonga, mzee mmoja mlinzi wa usiku aliyechoka magoti, na wengine wazima waliokuja kwa udadisi. Wale wazima walishindwa vibaya. Hawakuzoea kwenda kwa mikono.

Nilikuwa na miaka 37, na sikuwahi kabla ya hapo kupigiwa kelele na mtu wa timu yangu kwamba nimechelewa mpira. Mzee mlinzi alinipigia kelele hizo. "Katibu, umelala?" Hakunionea huruma hata kidogo. Nilikwenda nyumbani na suruali imechanika makalioni na viganja vinawaka moto, na mke wangu aliuliza nani amenipiga.

SHERIA INASEMA NINI

Mwajiri akikuambia kwamba michezo ni hisani yake, mjibu kwa upole kwamba umesoma kidogo. Mwaka 1978 UNESCO ilipitisha hati inayosema kwamba mazoezi ya viungo na michezo ni haki ya kila mtu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 21, inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, rangi, kabila, dini au ulemavu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa mwaka 1956 pendekezo namba 102 juu ya huduma za ustawi kazini, na burudani imetajwa humo. Lakini tazameni: pendekezo hilo liliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani. Watu wa viwandani waliandikiwa burudani, sisi wa jembe na kapu tukaachwa chini ya mti kulinda nguo. Kwa hiyo yetu tusingoje kuandikiwa na wengine. Tuiandike wenyewe katika mikataba yetu.

MASWALI YA KUULIZA KATIKA TAWI LAKO

Naomba kila tawi lijiulize haya kabla ya Mei Mosi ijayo:

1. Je, tunakatwa pesa ya michezo? Nani alitia sahihi, na daftari liko wapi?

2. Wanaokatwa ni wangapi, na wanaocheza ni akina nani?

3. Saa ya mazoezi inalipwa na nani? Anayelipwa kwa kilo, kwa kipande au kwa siku, amefikiriwa?

4. Vibarua wa msimu wanaruhusiwa uwanjani, au wanaruhusiwa kushangilia tu?

5. Mchezaji akiumia, ni mfanyakazi aliyeumia kazini, au ni mzigo wa mama yake?

6. Katika kamati ya chakula na maji kuna wanaume wangapi?

7. Nani hajawahi kuulizwa?

Swali la saba ndilo kubwa. Mwalimu wangu hakuniuliza. Mimi sikuwauliza akina mama. Wote wawili tulikuwa na huruma, na wote wawili tulikosea.

Katika shule ile ya shamba bado kuna saa ya mazoezi Ijumaa mchana. Mwaka jana nilikwenda na kamati ya tawi, tukapeleka mipira miwili ya pete na kitambaa chekundu cha bendera. Chini ya mkaratusi niliona rundo la mashati, na kando yake mtoto wa kike ameketi, magongo yake yamelala kwenye majani. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Nalinda nguo."

Nilimwita mwalimu mkuu, tukazungumza muda mrefu. Wavu wa chini sasa umefungwa pale pale, kwenye shina la ule mti. Nguo zinawekwa darasani na mlango unafungwa kwa kufuli. Kufuli hilo tulilinunua kwa pesa ya michezo, na limo katika daftari.

Umoja wetu uwe na nafasi kwa kila mmoja, ndani ya uwanja na siyo pembeni.

Ndugu yenu katika chama,
Katibu mwandalizi wa mashamba ya chai